Meza ya treni za mfano imepinda: tafuta chanzo kabla ya kununua mbao nyingine

Kati ya Kilosa na Gulwe, reli ya kati imesumbuliwa na maji kwa miaka mingi. Mto Mkondoa ukifurika, tuta linasombwa na treni zinasimama. Ukiijenga reli hiyo hiyo kwa udogo wake chumbani kwako Kisasa au Nkuhungu, jijini Dodoma, adui anageuka kuwa ukavu. Maelekezo mengi ya kutengeneza meza za treni za mfano yanatoka Uingereza, Ujerumani na Marekani, na Mwingereza akiandika huwa anaogopa gereji lenye unyevunyevu. Hapa Dodoma mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Miezi inayobaki hewa inakausha mbao usiku na mchana, upepo ukisaidia. Mbao uliyonunua Machi, ukija kuipima Oktoba vipimo vimebadilika.

Nitakwenda kwa dalili, maana ndiyo unayoiona kwanza. Lakini nasema mapema: watu wengi hulaumu plaiwudi ya juu ilhali kosa liko kwenye fremu iliyo chini yake. Vipimo nachukulia skeli ya HO, yaani 1:87, ambapo SGR yenye upana wa milimita 1435 inakuwa milimita 16.5, na reli ya zamani ya mita moja huwakilishwa na milimita 12. Kwenye njia ya milimita 12, nundu ya milimita moja inatosha kuangusha behewa.

Kwanza pima

Tafuta vipande viwili vya alumini ya madirisha vilivyonyooka, urefu wa sentimita 80 hivi; fundi alumini yeyote ana mabaki. Laza kimoja mwanzo wa meza na kingine mwisho wake, vyote vikikatiza upana. Chuchumaa, fumba jicho moja, tazama mgongo wa kipande cha mbele dhidi ya mgongo wa kile cha nyuma. Mistari miwili ikienda sambamba, meza haijajisokota. Mmoja ukipanda upande mmoja, imejisokota, na kiasi chake unakiona hapo hapo. Kisha vuta uzi juu ya meza kwa urefu na kwa upana, upime mwanya ulioko chini ya uzi. Pima maji ije mwisho: inakuambia meza imelalaje, haikuambii kama imenyooka.

Andika vipimo kwa penseli chini ya meza, pamoja na tarehe na saa. Kinachobadilika kati ya asubuhi na alasiri ni kazi ya joto, na joto linachezea zaidi reli na fomu, lile povu gumu la kujengea milima. Kinachobadilika kati ya Februari na Septemba ni kazi ya unyevu, na huo unachezea mbao. Bila kutenganisha haya mawili utabadilisha bodi nzuri na kuiacha mbovu.

Kona moja imenyanyuka, meza inasimama kwa miguu mitatu

Mtuhumiwa wa kwanza ni paini ya fremu. Paini nyingi tunayouziwa inatoka nyanda za juu, Mafinga na Sao Hill, na kwa kenchi za paa haina ubaya wowote. Kenchi ikijisokota kidogo nani atajua? Shida ni kwamba mara nyingi inauzwa ikiwa bado na maji ndani. Iliyotiwa dawa ndiyo zaidi, kwa sababu dawa huingizwa ikiwa imeyeyushwa kwenye maji, na ile rangi ya kijani haisemi lolote kuhusu ukavu. Unaileta nyumbani, unaikata, unaifunga kwa skrubu, halafu inaanza kukauka ikiwa imeshafungwa.

Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 30 hushuka hadi karibu 6. Paini ikishuka kutoka 18 hadi 8, ubao wenye upana wa milimita 90 unaweza kupungua milimita mbili na ushee kwa upana, huku urefu ukibaki karibu vile vile. Kupungua peke yake kungevumilika. Kinachoiua meza ni upande mmoja kupungua kuliko mwingine, na kipande kilichopasuliwa kwenye kiini cha mti ndicho kinachojisokota vibaya kuliko vyote. Kwa hiyo ukiwa kwa muuza mbao tazama kichwa cha ubao: ukiona ile nukta inayozungukwa na duara za mti, irudishe kwenye rundo hata kama leo imenyooka.

Kujua maji yaliyomo hakuhitaji kipimo cha dukani. Kata kipande cha inchi mbili kwa mbili chenye urefu wa sentimita tano, kutoka katikati ya ubao. Ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya dijitali ya jikoni. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 100 na kidogo, ukipime kila baada ya saa moja au mbili mpaka uzito usishuke tena. Kikianza na gramu 59 na kuishia 50, maji yalikuwa gramu 9 kwa 50, yaani asilimia 18. Hiyo bado mbichi kwa kazi hii. Subiri ifike 10 au chini yake. Asiye na oveni apange mbao chumbani zitakamokaa, aweke vijiti kati ya tabaka na tabaka hewa ipite, na apime ubao mmoja kila wiki. Uzito ukikataa kushuka, mbao imezoea chumba.

Kama fremu imeshajisokota, usiivute kwa skrubu. Itakutii wiki mbili, kisha itarudi ilikotoka na kuing'oa gundi. Msokoto wa milimita mbili au tatu utaumaliza kwa kufunga bolti za kurekebisha chini ya miguu. Ukizidi hapo, fremu ibadilishwe, na hapo ndipo uamuzi wa kifaa unapokuja.

Njia moja ni kuachana na mbao nzima. Chukua plaiwudi ya milimita 12, ichanwe vipande vya milimita 90, kisha gundisha viwili viwili ubavu kwa ubavu ukitenganisha na vijipande vya mbao kila baada ya sentimita 25 hivi. Unapata boriti nyepesi isiyojua Machi wala Oktoba, kwa sababu matabaka ya plaiwudi yamelazwa yakikatizana na kila moja linamzuia mwenzake.

Njia ya pili, ambayo kwa mji huu mimi ningeianza, ni chuma. Mafundi wa kuchomelea wako kila mtaa, na skwea paipu ya inchi moja yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa kilo 1.1 tu kwa mita. Chuma hakinywi maji ya hewani. Kwa joto, mita moja inarefuka takriban robo ya milimita ikipanda nyuzi 20, kiasi ambacho hutakiona. Ila mwambie fundi mambo mawili kabla hajawasha mashine. La kwanza, kona zote zidonolewe kwanza, yaani zishikwe kwa nukta ndogo tu, zikaguliwe kwa guni na kwa kupima pembe kwa pembe, ndipo zichomelewe kwa kuruka kutoka kona hii kwenda ile inayoitazama. Akimaliza kona moja yote kabla ya nyingine, joto litaivuta fremu, na utakuwa umenunua msokoto wa chuma ambao haunyooki kirahisi. La pili, matundu ya kufungia plaiwudi yawe mapana kuliko skrubu, na kila skrubu iwe na washa, ili bodi na chuma kila kimoja kisogee kwa raha yake. Wengi wanaona chuma ni kwa mageti na madirisha, na meza za treni ni za seremala. Mazoea tu hayo.

Katikati pamebonyea

Hapa tofautisha kubonyea kunakorudi na kusikorudi. Ondoa kila kitu juu ya meza, subiri usiku mmoja, vuta uzi tena. Bodi ikirudi, ilikuwa inakosa mhimili tu: ongeza vipande vya kukatiza chini. Isiporudi, imelegea moja kwa moja, na hiyo ndiyo tabia ya MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na chipubodi zikikaa miezi mingi zikining'inia bila msaada.

Ugumu wa bodi unakwenda kwa kipeo cha tatu cha unene, yaani unene kwa unene kwa unene: plaiwudi ya 12 ni ngumu mara nane ya ile ya 6, na zaidi ya mara mbili ya ile ya 9. Kwa plaiwudi ya 9 weka mihimili kila sentimita 30. Ya 12 inavumilia 40 hadi 45. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenye fremu, na wengi hawaitumii. Ubao wa inchi moja kwa nne uliosimamishwa kwa ubavu una mbao sawa na papi ya mbili kwa mbili, lakini ni mgumu mara nne. Bei karibu ile ile.

Anayejenga Dodoma ya baada ya Julai 2024, SGR ilipoanza kuleta abiria hapa, anataka njia zote mbili kwenye mandhari moja, na meza inapanuka mpaka mita. Asisahau kwamba mkono haufanyi kazi vizuri kupita sentimita 75. Akilazimika kupanua, aongeze kimo cha mihimili ya kukatiza; kuongeza unene wa bodi ya juu kunaleta uzito kuliko ugumu. Shiti moja ya MDF ya milimita 18, futi 8 kwa 4, ina karibu kilo 40. Plaiwudi ya 9 ya ukubwa huo ina karibu 15.

Reli inanyanyuka au inapinda kwa pembeni, hasa alasiri

Nyumba za bati zisizo na dari ndizo zinazoongoza. Reli za nikeli na shaba zinarefuka kwa joto: mita tatu zikipanda nyuzi 25 zinaongezeka karibu milimita 1.3. Kama viungo vyote viligusana siku ulipolaza, urefu huo hauna pa kwenda ila juu au pembeni.

Ikiwa nundu inakuja mchana na kuondoka usiku, bodi haina kosa. Kata viungo viwili vitatu kwa msumeno mwembamba, uache nafasi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, nayo ni kipimo kizuri kwa reli inayolazwa asubuhi ya baridi ya Julai. Ukilaza Oktoba saa nane mchana, acha nafasi kidogo sana, maana reli imesharefuka. Lehemu waya wa umeme kwa kila kipande cha reli ili umeme usitegemee viungo vinavyosogea. Na weka dari, hata ya turubai.

Ikiwa nundu inazidi mwezi hadi mwezi kuanzia Juni, geukia meza. Mara nyingi utakuta uso wa juu umetengenezwa kwa mbao nzima zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kama seremala wetu wanavyotengeneza meza ya chakula. Uso wa sentimita 60 wa paini iliyokuwa mbichi unaweza kupungua sentimita moja na nusu kwa upana. Reli inayokatiza mbao hizo inabanwa pande zote mbili. Na Oktoba mambo mawili yanakutana: mbao ziko kwenye ukavu wake wa mwisho na reli ziko kwenye joto lake la juu. Hakuna skrubu wala gundi itakayozuia. Toa mbao nzima, weka plaiwudi.

Ukingo umevimba, uso umetoa malengelenge

Hiyo ni MDF au chipubodi iliyokunywa maji, na haitarudi hata ukiianika mwaka mzima. Kata sehemu hiyo, weka kiraka. Maji yameingiaje? Angalia mambo matatu: mchanganyiko wa gundi na maji uliomwagia kokoto za reli, paa lililovuja mvua ya kwanza ya Desemba, na deki. Bodi ikiegeshwa ukutani ikigusa sakafu, kila anayepiga deki anainywesha kwenye ukingo, mahali inaponyonya zaidi.

Kinga yake ni kupaka ukingo gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, kukausha, kupiga msasa, kisha rangi ya mafuta pande zote. Pande zote, narudia. Bodi iliyopakwa juu na kuachwa chini inapumua upande mmoja na kujikunja.

Jipsamu usiifikirie kabisa, hata kama dari limekuachia shiti nzima. Ni nzito, inavunjika kona, na skrubu haishiki.

Plaiwudi inaachana matabaka

Gonga kwa sarafu. Mlio ukibadilika na kuwa mtupu, chini ya hapo hakuna gundi au kuna shimo. Njia ya kuepuka ni kuitazama ubavuni kabla ya kulipa: matabaka yahesabike, yasiwe na mapengo, na shiti ikiegemezwa isiwe na tumbo.

Bodi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, ile tunayoiita marini na ambayo mafundi wanaimwagia zege, ina gundi isiyoogopa maji, na kwa matabaka ni bora kuliko plaiwudi ya kawaida. Lakini ngozi yake inakataa gundi na rangi. Ipige msasa mpaka mng'ao utoke wote, la sivyo kokoto na koki (tabaka la gome laini linalolazwa chini ya reli) zitabanduka. Mji unajengwa kila kona, kuanzia Mtumba, kwa hiyo bodi zilizokwishatumika zinapatikana kwa bei ya kutupa. Mimi sizipendi. Zimepakwa oili, zimekunywa maji ya zege ubavuni, na misumari iliyokatikia ndani itakula msumeno wako.

Treni inanguruma kama ngoma

Inua kipande cha reli, weka chini yake kitambaa kilichokunjwa, pitisha treni. Kelele ikishuka, bodi ndiyo inayopaza sauti. Plaiwudi nyembamba juu ya fremu tupu ndiyo mbaya zaidi. Sofutibodi ya dari iliyogundishwa juu ya plaiwudi inatuliza vizuri na inashika pini za reli, kitu ambacho MDF na hadibodi hazifanyi. Koki ya milimita 3 ndiyo kawaida ya wenzetu wa nje. Hapa ni rahisi zaidi kupata shiti za sponji ngumu za kutengenezea kandambili. Kata ukanda, gundisha, laza reli juu yake. Usizishikize reli kwa skrubu zinazopenya mpaka mbao, maana umeurudishia sauti mlango. Gundi ya mbao ikikauka kwenye kokoto nayo inakuwa ngumu na kurudisha sehemu ya kelele. Gundi laini ya mpira yenye maji ni afadhali.

Fomu imeliwa, imepasuka au imejaa wadudu

Fomu nyeupe ya chembechembe, ile ya maboksi ya televisheni, ni ya kujaza milima tu. Ile nzito yenye rangi, isiyo na chembe, inaweza kuwa uso wa meza ikilazwa juu ya plaiwudi nyembamba. Ukikuta imeyeyuka na kuacha mashimo, gundi ya viatu au rangi ya kupuliza ndiyo iliyofanya hivyo. Tumia gundi ya maji. Unyevu haiujui, lakini joto inalijua: mita moja inarefuka karibu milimita 1.4 kwa nyuzi 20, zaidi ya reli yenyewe. Sisimizi wanapenda kutoboa ndani yake na kuhamia.

Vumbi chini ya meza

Matundu madogo ya duara yenye vumbi laini chini yake ni bungua, na huwa ndani ya mbao tangu dukani, hasa kwenye sehemu nyeupe ya nje ya mbao ngumu. Vijinjia vya udongo vinavyopanda mguu wa meza ni mchwa. Bungua anashughulikiwa kwa dawa ya kupenyeza na, mara nyingi, kwa kutupa kipande. Mchwa anazuiwa chini: miguu ya chuma, meza isiguse ukuta, na usihifadhi maboksi ya karatasi chini yake. Ukitumia mbao za dawa, vumbi la msumeno lisiingie jikoni wala mabaki yasichomwe kwenye jiko.

Meza mbili hazikutani tena

Reli zilikutana vizuri siku ya kwanza, sasa zimepishana nusu milimita. Pishano la juu na chini ni la miguu au sakafu. Rekebisha bolti za miguu kabla ya kugusa kitu kingine. Pishano la pembeni ni la maungio. Bolti peke yake haielekezi kitu, kwa sababu tundu lake lazima liwe pana kuliko yenyewe, na kwenye paini tundu hilo linazidi kupanuka kila ukifungua. Kazi ya kuelekeza ipe pini mbili za shaba zenye vikombe vyake, au bawaba mbili za pini ya kuchomoa, moja kila pembe. Bolti ibaki na kazi ya kuvuta tu. Zishikize kwenye kipande cha plaiwudi ya milimita 18 au kwenye chuma, kamwe zisishikwe na kichwa cha paini.

Zifunge meza zikiwa zimeunganishwa na zimenyooka, ndipo ulaze reli moja kupita juu ya maungio na kuikata baada ya kuilehemu kwenye skrubu za shaba pande zote mbili. Ukikata kwanza na kulehemu baadaye, utatafuta ule unyoofu kila utakapofungua.